Klepfisz, Bitton au Pagis: uanze na nani kwenye ushairi wa Kiyahudi wa kumbukumbu za kurithi

Mdogo wangu mmoja yuko chuo anasoma fasihi, kaniandikia wiki iliyopita: kaka, nataka kusoma washairi wa Kiyahudi wa siku hizi, wale wanaoandika mambo ambayo hawakuyaona kwa macho yao, waliyaona wazazi wao au bibi zao, afu yamewakaa kama yao wenyewe, nianze na nani? Nikamjibu inategemea. Akakasirika, na ana haki, "inategemea" ni jibu la mtu asiyetaka kusumbuliwa. Kwaiyo nimekaa nikaandika hii.

Niseme mapema, mi sijui Kiebrania wala Kiyidishi, nasoma tafsiri za Kiingereza, kwaiyo kama we unazijua hizo lugha nirekebishe tu taratibu. Na jingine, usitegemee vina na mizani. Mtu aliyekulia kwenye tarbia akifungua vitabu vya hawa watu atasema hizi zote ni guni, hata mi nilisema hivo mwanzoni, ukishavuka hapo utaenda vizuri.

Sasa kipimo changu. Wengi wanadhani kinachorithiwa ni kisa, yaani babu aliteswa, mtoto akasimuliwa, mjukuu akaandika shairi. Mi sioni hivo. Kisa unakipata hata kwenye kitabu cha historia cha shule. Kinachorithiwa hasa ni lugha, au lile tundu linalobaki pale lugha ilipotakiwa kuwepo, na kila mmoja wa hawa washairi ana ugomvi wake na lugha fulani. Nimewalinganisha kwa ugomvi huo, sio kwa nani ana tuzo nyingi.

Irena Klepfisz na Erez Bitton, kichwa kwa kichwa

Hawa wawili nawaweka mbele kwa makusudi. Wamezaliwa karibu wakati mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1940, mmoja Poland mwingine Algeria, na ukiwasoma pamoja ndo unagundua kwamba "Myahudi" sio mtu wa aina moja kama tunavyozoea kusema.

Klepfisz alizaliwa 1941 ndani ya geto la Warsaw. Geto nayosema hapa sio kile chumba cha msela chenye godoro chini, ni sehemu ya mji ambayo Wajerumani waliizungushia ukuta wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakawabana humo watu zaidi ya 400,000, wengine wakafa njaa na maradhi humohumo, wengi zaidi wakapakiwa treni kwenda kuuawa kwenye kambi ya Treblinka. Baba yake, Michał Klepfisz, alikuwa injinia na mwanachama wa Bund, chama cha wafanyakazi wa Kiyahudi, ndo alikuwa anatengeneza mabomu ya petroli na vilipuzi vya wapiganaji, akauawa tarehe 20 Aprili 1943, siku ya pili ya yale mapambano ya geto. Binti alikuwa na miaka miwili. Alifichwa kwenye kituo cha watoto yatima cha Wakatoliki, mama akaja kumchukua wakajificha kijijini, baada ya vita wakaenda Sweden, afu 1949 Marekani, Bronx.

Hebu ona hapo. Miaka miwili! Huyu anatajwa kama mtu aliyenusurika, na ni kweli alikuwepo, ila akili ya mtoto wa miaka miwili inabeba nini? Baba yake ni shujaa kwenye vitabu na yeye hamkumbuki hata sura. Kwaiyo kumbukumbu yake mwenyewe ameirithi kwa mama, kama mtu anayesimuliwa ndoto aliyoiota mwenyewe.

Na lugha yake ndo balaa zaidi. Kiyidishi, kwa asiyekijua, ni lugha ya Mayahudi wa Ulaya ya mashariki, mifupa yake ya Kijerumani, nyama yake imechanganyika Kiebrania na lugha za Kislavi, na kinaandikwa kwa herufi za Kiebrania. Sisi hatuhitaji maelezo marefu, tuna lugha yetu yenye mifupa ya Kibantu na maneno ya Kiarabu mpaka kwenye salamu. Kabla ya vita kilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10, mamilioni yao wakauawa. Wenyewe wanakiita mame-loshn, lugha ya mama, na hilo "loshn" ni Kiebrania, ndugu wa "lisani" ya Kiarabu unayokutana nayo kwenye tenzi za zamani. Ila Klepfisz lugha yake ya kwanza ilikuwa Kipolandi! Kiyidishi alikwenda kukisoma shuleni, Amerika. Yaani lugha ya mama aliyofundishwa na mwalimu.

Ukitaka kuona anafanya nini na hilo, tafuta shairi lake lenye jina la lugha mbili, Etlekhe verter oyf mame-loshn, yaani maneno machache ya lugha ya mama. Linaanza kama kamusi. Neno la Kiyidishi, maana yake kwa Kiingereza, neno jingine, maana yake, na maneno yenyewe ni yale ya kumwita mwanamke: malaya, mke, mbeya, hivo hivo. Unasoma unaona sawa, huyu ananifundisha msamiati. Afu polepole Kiingereza kinapungua, maana hazitolewi tena, na mwisho kabisa shairi zima liko Kiyidishi na we bado unaelewa kwa sababu maneno ulishafundishwa juu huko, na anamalizia kwa kurudia kwamba huyo mwanamke anaota, anaota, anaota. Mi niliposoma mara ya kwanza nilirudi juu kuhakikisha sijadanganywa. Umetembezwa toka lugha moja hadi nyingine bila kulipa nauli.

Shairi lake jingine, Bashert, neno la Kiyidishi lenye maana ya kilichoandikwa, ndo zito. Linafungua kwa tabaruku mbili, ya kwanza kwa waliokufa, ya pili kwa waliopona, na kila moja ni orodha ya sababu: kwa sababu hivi, kwa sababu vile. Unasoma ya waliokufa unaona sababu zina mantiki. Unafika kwa waliopona unakuta sababu ni za aina ileile, zingine zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Yaani hakuna sababu. Ni refu, lina nathari katikati, msomaji mvivu ataliacha, asiliache.

Haya, njoo kwa Bitton.

Bitton amezaliwa Oran, Algeria, wazazi wa Morocco, wakahamia Israel 1948 wakakaa Lod. Alipokuwa na miaka kama kumi aliokota bomu la mkono lililokuwa limetupwa, likamlipukia, akapoteza macho yote na mkono wa kushoto. Akapelekwa shule ya wasioona Jerusalem. Na jina lake la nyumbani lilikuwa Yaish, mnaojua Kiarabu mtaliona hilo linatoka wapi, linatokana na kuishi. Likabadilishwa likawa Erez, la Kiebrania safi, mti wa mwerezi. Sijui kama kuna mfano mfupi zaidi wa mada yetu kuliko huo, mtoto ana jina la "anaishi", anabaki hai kwa bahati, halafu jina lenyewe linachukuliwa.

Ugomvi wake sio na Wajerumani. Ni na Israel yenyewe, ile iliyoongozwa na Mayahudi wa Ulaya ikawaambia Mayahudi waliotoka Morocco, Yemen, Iraq kwamba Kiarabu chao, nyimbo zao, chakula chao, ni ushamba wa kuacha mlangoni. Kitabu chake cha kwanza, Minha Marokait, sadaka ya Kimorocco, kilitoka 1976, akaingiza Kiarabu cha Morocco katikati ya Kiebrania, kitu ambacho wakubwa wa ushairi walikuwa hawakitegemei mezani kwao. Ilichukua mpaka 2015 kumpa Israel Prize, tuzo ya juu ya taifa.

Shairi la kuanzia ni lile la Zohra El Fassia. Huyu mama alikuwepo kweli, mwimbaji mkubwa wa Morocco. Bitton anasema aliimba kwenye kasri ya Mfalme Mohammed wa Tano kule Rabat, na wanasema akiimba askari walipigana visu wapate njia katikati ya watu wafike kwenye upindo wa gauni lake. Afu shairi linageuka bila kupiga honi. Leo utampata Ashkelon, mtaa wa hali ya chini karibu na ofisi ya ustawi wa jamii, harufu ya makopo ya sadini kwenye meza inayoyumba yenye miguu mitatu, mazulia ya kifalme yametandikwa kwenye kitanda cha msaada, amevaa gauni lililopauka, anakaa masaa mbele ya kioo na vipodozi vya bei chee, na akimtaja Mohammed wa Tano anamwita mboni ya jicho letu, mgeni haelewi mwanzoni.

Basi. Hakuna anayelia, hakuna anayelaumu serikali, ni sadini tu na zulia. Mi nina shangazi alikuwa na kasha lenye kanga za harusi ambazo hazikuwahi kufunuliwa tangu wahamie mjini, na kila nikisoma hili shairi nanusa lile kasha.

La pili ni lile la Dizengoff, ule mtaa wa kifahari wa Tel Aviv. Anasema amenunua duka pale ili apate mizizi, unaona kejeli, mizizi ya kununua. Watu wa mkahawani wakimgeukia anachomoa Kiebrania kisafi cha kisasa, ndio bwana, karibu bwana. Jua likizama anafunga virago anarudi pembezoni mwa mji, kwenye kile Kiebrania kingine. Hilo neno "kingine" ndo shairi zima. Aliyewahi kupokea simu ya bosi kwa sauti moja na ya mamake kwa sauti nyingine hahitaji mhadhara.

Kwaiyo yupi? Nikiwaweka sambamba: Klepfisz anarithi lugha ambayo wasemaji wake waliuawa, Bitton anarithi lugha ambayo wasemaji wake wako hai ila wanaona aibu. Klepfisz anaandika kwa Kiingereza chake mwenyewe, unampata moja kwa moja, kitabu chake Her Birth and Later Years cha 2022 kimekusanya mashairi yake. Bitton unampata kwa tafsiri, kuna You Who Cross My Path iliyotafsiriwa na Tsipi Keller, 2015, na ule mchanganyiko wa Kiarabu na Kiebrania kwa Kiingereza lazima upoe kidogo, hakuna namna. Klepfisz ni mrefu, anataka utulie usiku. Bitton unaweza kumsoma kwenye daladala. Kwa msomaji wetu mi nasema Bitton kwanza, bila kupepesa, kwa sababu aibu ya lugha ya nyumbani tunaijua, mauaji ya lugha nzima yanahitaji ukae nayo zaidi. Kama ulishapoteza lugha ya bibi yako kabisa, yaani ulienda mazishi ukashindwa kuitikia, basi geuza, anza na Klepfisz.

Dan Pagis, na bahati yetu sisi

Pagis ni wa zamani kidogo, alikufa 1986, ila usipomsoma hao wengine utawaelewa nusu. Amezaliwa 1930 Rădăuți, Romania, utoto wake ukaishia kwenye kambi ya mateso wakati wa vita, akafika Palestina 1946, na ndani ya miaka michache akawa anaandika mashairi kwa Kiebrania, lugha ya ukubwani, baadaye akawa msomi wa ushairi wa Kiebrania wa zama za kati. Kuhusu kambi alinyamaza muda mrefu.

Shairi lake maarufu lina mistari sita tu, limeandikwa eti kwa penseli ndani ya behewa lililofungwa. Anayesema ni Hawa. Anasema yuko humo kwenye mzigo huu pamoja na mwanawe Habili, na kama mtamwona mwanangu mkubwa, Kaini mwana wa Adamu, mwambieni kwamba mimi... na linakatika hapo. Hakuna nukta. Ukirudi juu mstari wa kwanza unaunga na wa mwisho, na behewa linazunguka tena.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize. Kwa Kiebrania Pagis ameandika "kayin ben adam", na ben adam ni vitu viwili kwa pamoja, mtoto wa Adamu na mtu wa kawaida, binadamu. Muuaji ni mwana wa mtu fulani na ni binadamu kama wewe. Mtafsiri wa Kiingereza hapo anakwama, lazima achague upande mmoja. Sisi hatukwami! Kaini binadamu. Neno lilelile, mchezo uleule, limekuja kwetu kupitia Kiarabu likakaa. Na Hawa ni Hawa, na Habili ni Habili kwa Waislamu na kwa waliosoma hadithi za mitume. Hili shairi fupi kwa Kiswahili linaweza kusimama vizuri kuliko kwa Kiingereza, na natamani mtu mwenye Kiebrania alifanye, mi nimejaribu kupitia Kiingereza likawa kama chai iliyopashwa.

Tofauti yake na Klepfisz: yeye alikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka, na hakutaka. Anachorithi sio cha wazazi, ni Mwanzo, kitabu cha kwanza cha Biblia, anatupia yaliyompata ndani ya familia ya kwanza duniani. Kama nyumbani kwenu kuna jambo halisemwi, wazee wakifika hapo wanabadilisha mada, huyu ndo wako. Na kama una dakika mbili tu kwenye maisha yako za ushairi wa Kiyahudi, zipeleke kwenye hiyo mistari sita.

Wengine, kwa haraka

Adrienne Rich, Mmarekani, 1929 hadi 2012. Baba Myahudi daktari wa chuo kikuu cha Johns Hopkins asiyetaka Uyahudi wake utajwe, mama Mprotestanti wa kusini. Alirithi kufichwa. Insha yake ya 1982 kuhusu kupasuka kwenye shina ni nzuri sana, mi kwa kweli naipenda kuliko mashairi yake ya mada hii, lile shairi refu la Sources linanichosha kidogo, najiona nahutubiwa. Ila kwa mtu wa wazazi wa dini mbili, aliyebatizwa huku jina la ukoo linasema jingine, usimruke.

Ilya Kaminsky, amezaliwa Odessa, Ukraine, 1977. Akiwa na miaka minne aliugua matumbwitumbwi, daktari akasema ni mafua, uwezo wa kusikia ukaondoka karibu wote. Marekani kaingia 1993, mwaka uliofuata baba akafa, na akaanza kuandika kwa Kiingereza kwa sababu nyumbani hakuna aliyekijua, hakuna ambaye angesoma. Umeona? Kila mtu hapa anatafuta lugha ya kurudi nyumbani, huyu anatafuta lugha ya kujificha alie. Dancing in Odessa ya 2004 ina furaha ya ajabu, nyanya, ngoma, bibi, na washairi marehemu wa Kirusi kina Mandelstam wanatembea humo kama majirani. Mtu anayeogopa kwamba mada hii ni vilio mwanzo mwisho, mpe hiki. Deaf Republic ya 2019 ndo inasifiwa zaidi, ila kwa mada ya kurithi mi nabaki na cha kwanza.

Almog Behar, Mwisraeli, amezaliwa 1978, upande wa mama ni wa Iraq. Ana shairi moja kuhusu Kiarabu chake ambacho ni bubu, kimekabwa koo, kinajificha nyuma ya madirisha ya Kiebrania, akipita polisi kinatoa kitambulisho haraka kusema kwa Kiarabu "ana min al-yahud", mi ni wa Mayahudi. Na Kiebrania chake, anamalizia, ni kiziwi. Bubu na kiziwi nyumba moja. Mjukuu wa Bitton kifasihi, msome siku hiyohiyo.

Na ukitaka vijana wenye kelele kuna Adi Keissar, wa asili ya Yemen, mwaka 2013 alianzisha majukwaa ya usiku Tel Aviv akayaita Ars Poetica, Kilatini cha wasomi, yaani sanaa ya ushairi, ila "ars" kwa Kiebrania cha mtaani ni tusi wanalotupiwa wanaume wa Kiyahudi wa asili ya nchi za Kiarabu, na tusi lenyewe limetoka Kiarabu. Wakalichukua wakalivaa. Ni ushairi wa kusikiliza zaidi kuliko kusoma, kwenye karatasi naona unapungua chumvi.

Mdogo wangu nimemwambia hivi: leo usiku soma Pagis mara tatu bila kusimama kwenye mwisho, kesho Zohra El Fassia, keshokutwa Behar, wikiendi ikifika mzime simu ukae na Klepfisz. Kanijibu ameshasoma Pagis na anauliza, sasa Hawa alitaka kumwambia nini Kaini.